Wifi Anabisha Hodi

"Taharuki hiyo hapo! Wifi anabisha hodi, mchuzi wa mbuzi umefichwa chini ya kitanda. Unataka nini tena, mwalimu?" Serwaa alidakia, akichungulia insha begani mwa abiria mwenzake, kana kwamba hadithi haimhusu.

"Mwanzo upo, kilele kipo," alijibu mwalimu huyo, mgeni asiyemjua Serwaa, akisahihisha insha za wanafunzi ndani ya kivuko cha Adawso. "Lakini sauti si ya mtoto, mama. Binti wa darasa la sita amchukie wifi hivi? Huyu Dufie amenakili. Leo nampa sifuri mbele ya wenzake."

Aibu ilimpanda Serwaa hadi masikioni. Dufie ni bintiye, na hadithi hiyo Serwaa mwenyewe ndiye aliyemwandikia.

Kivuko kikagusa gati. Serwaa akampokonya mwalimu kalamu nyekundu, akakata jina la Dufie, akaandika lake.