Mechi ya Saba ya Mdogo Wake Fundi

Kijiwe chetu kiko mbele ya kibanda cha Fundi, mshona viatu: benchi moja refu, redio juu ya kopo la gundi, na mimi na birika langu la kahawa. Watu wa hapa hawajawahi kukosa jibu la kitu chochote. Siku hiyo mdogo wake Fundi, mpiga kriketi, alikuwa anaichezea timu ya taifa mechi ya saba. Kwenye ligi alikuwa akifikisha mbio mia, maana pointi za kriketi huitwa mbio, kama mtu anayekwenda dukani na kurudi. Mechi sita za taifa, hakuwahi kuvuka mbio kumi na saba. Kocha alishasema wazi kwamba leo akishindwa, haitwi tena. Fundi ndiye aliyemlea na kumfundisha kushika gongo la kupigia mpira, kwa mkono wake wa kushoto, nyuma ya kibanda hiki hiki. Kwa hiyo mtangazaji alipotaja tu kwamba jamaa anaingia uwanjani, Fundi aliizima redio, kama alivyofanya mara zote sita. Hatukumlaumu.

Kimya kile kikawafungua watu midomo. Profesa, muuza magazeti, ndiye aliyeanza.

— Mcheza kwao hutunzwa. Huko ugenini nani amtunze?

— Mechi tatu zilichezwa hapa hapa nyumbani, Profesa, nikamkumbusha.

— Nyumbani, ndiyo, lakini upande wa pili wa mji.

Injinia, fundi baiskeli, alisema tatizo ni glavu. Za taifa ni mpya, na mkono mtupu haulambwi. Nikamwambia methali hiyo haihusu glavu. Akanijibu nimimine kahawa, mambo ya kitaalamu niwaachie wenyewe.

Profesa akapandisha: ni wimbo wa taifa. Mrefu mno, ukiisha damu yote imeshashuka miguuni. Injinia akaona hiyo ndogo. Akasema uwanja wa taifa umeelekezwa kaskazini, na yule ni mtu wa kulala kichwa kusini tangu mtoto, lazima apotee.

Fundi alikuwa anagonga soli ile ile, msumari umeshazama zamani.

Akaja dada mmoja, mgeni kijiweni, kiatu mkononi, mkanda umekatika.

— Habari zenu. Mbona redio mmeizima?

Nikamwelekezea Fundi kidole.

— Kwa kinyozi pale wanashangilia, wanasema mtu wetu ana mbio tisini na sita.

Nyundo ikasimama. Fundi akauliza kwa sauti ndogo:

— Mtu wetu yupi?

— Yule wa mkono wa kushoto.

Fundi alinyoosha mkono, kitufe kikamshinda. Injinia akamwashia. Mrushaji mpira wa wapinzani alikuwa anakuja kasi. Halafu uwanja mzima ukalipuka, mtangazaji sauti imemkauka: mpira umevuka kamba ya mpaka, mbio nne, ametimiza mia moja! Benchi lilipinduka. Profesa akambusu Injinia kwenye upara. Mimi nilimimina kahawa nje ya kikombe na sikujali. Fundi alifunika uso kwa aproni akalia, kwa furaha, bila aibu.

Dada alisubiri tutulie kidogo.

— Samahani, kaka zangu. Wakati naja niliwasikia na glavu, na wimbo, na kaskazini. Sasa leo ameweza kwa nini?

Profesa akainama kuinua benchi. Injinia akaniambia nimmiminie kahawa. Glavu zilikuwa za taifa, wimbo ulikuwa ule ule, na uwanja hakuna aliyeugeuza.

Fundi akafuta uso, akaongeza sauti ya redio mpaka mwisho.

— Nyamazeni, jamani. Bado anapiga.