Mama Mifano, Mtungaji wa Sentensi za Kamusi

Wasikilizaji wapendwa, mlioko jikoni, mlioko kazini, na wewe uliyelala unauguza mgongo, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka mama ambaye sauti yake hamjawahi kuisikia, lakini huenda maneno yake mmeyasoma. Alikuwa mtungaji wa mifano ya kamusi. Narudia: mtungaji wa mifano. Ukifungua kamusi ya Kiingereza na Kiswahili, chini ya neno unakuta sentensi fupi inayoonyesha neno hilo linavyotumika. Sentensi ile haikuota yenyewe. Kuna mtu aliketi akaitunga. Ofisini kwake walimwita Mama Mifano, na jina likamganda, hata muuza nyama akawa anamwita hivyo.

Mama Mifano amefariki kwa uvimbe wa kongosho. Ameacha mume, ambaye ni fundi wa friji, na binti mmoja aliyeolewa. Tulikwenda kukaa na fundi sebuleni kwake. Viti vya kukodi vilikuwa bado vimeegemezwa ukutani, mwenye viti hajaja kuvichukua. Fundi alituletea maji, akakaa, akaanza kuongea taratibu, kama mtu anayesoma maelekezo yaliyobandikwa nyuma ya mashine. Alituambia mapema kwamba hajalia.

"Msinione nimekauka mkadhani nina roho ngumu," alisema. "Sisikii kitu. Wananiambia pole, naitikia asante, basi."

Sasa tuje kwenye kazi ya mkewe. Mama Mifano alikuwa na mwiko wake. Sentensi haiingii kwenye kamusi mpaka aiseme kwanza mbele ya mtu, katikati ya mazungumzo, bila kumwambia kwamba ni mfano. Mtu akijibu kama kawaida, sentensi imepita. Akikunja uso na kuuliza, unasemaje, sentensi imekufa. Na ishara hakutoa hata kidogo. Alisema ukimjulisha mtu kwamba anapimiwa sentensi, anakaa sawasawa kama yuko mbele ya mkaguzi, na jibu lake halifai tena.

Mnaona wenyewe hatari yake. Siku moja alimwambia mama mkwe, kwa sauti tulivu kabisa, kwamba mwanawe ameacha ufundi anataka kuwa mwanamuziki. Alikuwa anapima neno la kumweleza mtu mwenye ndoto kubwa. Bibi wa watu alifunga safari siku hiyo hiyo, akafika na mkoba na maombi. Ilibidi fundi amwonyeshe mama yake bisibisi ndipo roho yake ikatulia.

Tangu hapo fundi akajiwekea kinga. Mkewe akisema jambo ambalo halijulikani limetokea wapi, yeye alijibu "iweke" au "itoe", kisha akaendelea na shughuli zake. Walicheka wote wawili. Ndoa yao ilikwenda hivyo miaka mingi, na ilikwenda vizuri.

Mwaka huu ofisi ilimpa neno likamkaa kooni. Feasible. Ni neno la Kiingereza la kueleza jambo linaloweza kufanyika likakamilika, jambo linalotekelezeka. Maana haikumsumbua. Kilichomsumbua ni mifano. Mpango unatekelezeka. Mradi hautekelezeki. Pendekezo la kamati linatekelezeka. Alisema sentensi zote hizo zinanuka ukumbi wa mikutano. Alitaka moja ambayo mtu angeisema nyumbani kwake, akiwa na shida yake.

Basi likawa neno hilo asubuhi na jioni. Muuza nyama aliulizwa kama kupata nyama isiyo na mfupa mwisho wa mwezi ni jambo linalotekelezeka. Mwenzetu akajibu kwamba kwa mteja kama yeye hakuna linaloshindikana, na akamwekea mifupa vilevile. Siku nyingine mama alimuuliza mumewe kama kupaka rangi nyumba nzima kabla wageni hawajafika kunatekelezeka. Fundi akasahau kinga yake. Alikuwa amekwisha kuchovya brashi kwenye kopo alipoambiwa kwamba hakuna wageni.

Ikafika alasiri moja. Fundi alikuwa uani, amelaza friji ya mteja, anachomelea bomba la gesi. Mkewe akaingia kutoka hospitali. Tumbo lilikuwa likimsumbua muda, na nyumbani walilihesabu kuwa ni vidonda vya tumbo. Alisimama karibu na mlango, mkoba bado begani.

"Daktari anasema upasuaji hautekelezeki," alisema.

Fundi hakuinua kichwa. Moto ulikuwa mkononi. "Hiyo nzuri," akajibu. "Haina mkutano ndani yake. Iweke."

"Haya," mkewe akasema, akaingia ndani kumenya viazi.

Wasikilizaji wapendwa, haukuwa mfano. Narudia, haukuwa mfano. Daktari alikuwa amemweleza kwa Kiingereza kwamba uvimbe umekwisha kusambaa, na alitumia neno lile lile. Mama alimletea mumewe habari nzito kuliko zote, kwa neno alilokuwa ameshinda nalo mdomoni wiki nzima.

Siku zikapita. Walikula, walibishana kuhusu sauti ya televisheni, walikwenda kumwona mtoto mchanga wa jirani. Halafu binti akapiga simu.

"Baba, mama amekueleza?"

Fundi akauliza, kueleza nini. Binti akasema, yale ya hospitali, na hapo hapo, fundi anasema, ile sentensi ikamrudia neno kwa neno. Alikwenda chumbani akamkuta mkewe anakunja nguo. Akamuuliza kwa nini hakurudia.

"Nilitaka kurudia," mkewe alimjibu. "Lakini ulijibu bila kushtuka. Nikasema ngoja nikae kwanza na mtu ambaye bado ananigombeza nikisahau kuzima taa. Zilikuwa siku nzuri, mzee wangu. Usiniharibie."

Tulimuuliza fundi kama maneno hayo yamempa faraja. Alisema binti amemkataza kujilaumu, na ndugu wote wamemkataza, lakini wanahangaika bure, kwa sababu hata kujilaumu hajaweza.

"Namwamini, zilikuwa siku nzuri," alisema. "Ila yeye alikuwa anaaga. Mimi nilikuwa natengeneza friji."

Kuna jambo moja tu ambalo alilisema kwa nguvu. Mhariri wa kamusi alikuja msibani, mtu mwenye adabu zake, akasimuliwa kisa na binti, akauliza kwa unyenyekevu kama ile sentensi ya upasuaji ingeweza kuwekwa chini ya lile neno, iwe kumbukumbu ya mama. Fundi akakataa. Alisema watafute nyingine, Kiswahili hakijaisha. "Ile niliambiwa mimi," alimwambia. Mpaka leo neno lile halijapata mfano wake.

Kwa fundi, kwa binti, na kwa wote waliofanya kazi na Mama Mifano, poleni sana. Na sisi ambao watu wetu bado wanaingia na kutoka mlangoni, tujiulize. Mtu uliyemzoea akikwambia jambo leo, hata kama unadhani unajua anachotaka kusema, zima moto kwanza, inua kichwa umtazame.

Kwa kawaida hapa tunapiga wimbo. Fundi ametuomba tusipige. Anasema nyimbo za msiba zinamdai machozi, na yeye hana. Kwa hiyo tutanyamaza kidogo pamoja naye. Usiigonge redio yako, haijaharibika.