Msumari wa Mzee Kengele

Ijumaa ya wiki hii, saa kumi kamili jioni, Mzee Kengele atavua aproni yake ya ngozi na kuitundika kwa mara ya mwisho. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na sita na miezi minne akifua visu vya kuwindia katika karakana yetu, kimoja kimoja, kwa mkono na kwa oda ya mtu. Kwa mujibu wa daftari la oda, visu vilivyopita mikononi mwake ni elfu nne na ushei. Kwa mujibu wa mke wake, ambaye miaka yote hiyo ametia viraka mashati yaliyotobolewa na cheche, ni vingi mno.

Aliingia hapa akiwa na miaka ishirini na mitatu, akitokea kwenye gereji alikokuwa akinyoosha springi za malori. Siku ya kwanza alichoma kidole, akachoma aproni, akachoma na kiti cha msimamizi. Baada ya miaka miwili aliweza kumfulia mteja kisu kwa kumtazama tu anavyokamata kikombe cha chai, maana aliamini mkono wa mtu ndio unaosema mpini uwe mnene kiasi gani na bapa liwe refu kiasi gani. Wateja walikunywa chai yetu kwa miaka mingi wakidhani ni ukarimu.

Jina la Kengele lilitokana na kazi ya kupima. Bapa la kisu likishaiva motoni huzamishwa kwenye mafuta ili chuma kiwe kigumu, na hapo ndipo ufa huweza kuingia, mwembamba kiasi kwamba jicho halioni. Mzee hulining'iniza bapa kwa uzi, huligonga kwa kinyundo kidogo, kisha huinamisha kichwa. Likilia kama kengele, husema "sawa". Likitoa sauti ya bati, hulivunja palepale. Msomaji akumbuke jambo moja: kipimo hiki hufanyika kabla ya kutia mpini. Mpini ukishaingia, sauti hufa, na hakuna sikio litakalojua lolote tena. Mimi ninayeandika ndiye mtia mipini, kwa hiyo nayajua haya vizuri kuliko ninavyopenda.

Wageni wetu huuliza kuhusu ukuta wa misumari ulio karibu na mlango. Kila fundi ana msumari wake. Kazi yake ikitoka nje ya karakana ikiwa mbovu, huitundika pale mwenyewe, mbele ya wenzake, na kuandika sababu kwa chaki. Wangu una mipini mitatu iliyopasuka, na mmoja kati ya hiyo sitaki kuuzungumzia. Wa Mzee ulikuwa mtupu kwa miaka thelathini na mitano. Tuliwaonyesha wageni msumari ule kama watu wanavyoonyesha picha ya harusi.

Nasema ulikuwa.

Mwaka jana kiongozi wa msafara wa wawindaji, mwanamke mrefu asiyecheka ovyo, aliagiza visu sita vya aina moja. Siku ya kuzamisha, Mzee alikuja na mafua makali na masikio yameziba. Aliitwa mara tatu ndipo ageuke. Nilimuuliza kama anataka chai, akanijibu kwamba tanuru liko tayari. Nilicheka mpaka nikashika meza, na sikumwambia mtu. Yeye naye, kwa ubishi wake, hakutaka kukiri kwamba hasikii, kwa sababu hapakuwa na mwingine tuliyemwamini kupima. Aligonga mabapa saba, sita ya oda na moja la akiba, akasema sawa mara saba. Nikatia mipini sita. Lile la akiba likabaki rafuni bila mpini, kama desturi yetu ilivyo.

Jumatano kiongozi alivichukua visu vyake. Alhamisi asubuhi, tukiwa kwenye chai ya saa mbili, sikio la Mzee lilizibuka. Tulijua kwa sababu alishtuka kusikia kijiko changu kikigonga kikombe. Kisha akaacha kutafuna. Aliweka mkate chini, akaenda rafuni, akalichukua lile bapa la akiba, akalifunga uzi na kuligonga.

Hata mimi, mtu wa mbao, nilisikia bati.

Alilibana kwenye jiliwa na kulisukuma kwa kiganja, likakatika kama biskuti. Ndani ya mvunjiko kulikuwa na doa jeusi la mafuta, maana yake ufa ulikuwepo tangu siku ya kuzamisha. Kila mmoja wetu alikuwa akiwaza kitu kilekile: vingine sita viko msituni. Mtu anachuna mnyama, anaingiza ncha kwenye kiungo cha mguu, anaegemeza uzito wake wote. Kisu kikikatika hapo, mkono hausimami. Unashuka na kipande kilichobaki moja kwa moja pajani au tumboni, na hospitali iko mwendo wa saa nyingi.

Msimamizi wetu, ambaye ni mtoto wa mwanzilishi wa karakana na si mtu mbaya, alitoa hoja yake. Huenda ni hilo moja tu lililopasuka. Msafara ungerudi Jumapili, tungevibadilisha visu kimyakimya, na Mzee angestaafu na msumari wake mtupu. Ilikuwa hoja tamu, na nakiri niliitikia kwa kichwa. Mzee alikuwa tayari anafungua kamba za aproni. Aliuliza funguo za pikapu ziko wapi.

Tulikwenda watatu, msimamizi kwenye usukani na Mzee katikati, vipande vya bapa vimefungwa gazetini mapajani mwake. Barabara ilikuwa mbovu, na kwa saa tatu hakufungua kinywa isipokuwa kumwambia msimamizi aongeze mwendo. Kwa wasiomjua, huyu ni mtu ambaye huomba kushushwa kwenye gari lolote linaloipita baiskeli.

Langoni mwa msitu, askari wa zamu alitupokea kwa adabu na habari mbaya. Simu hazishiki huko ndani. Msafara hufungua redio ya upepo saa sita mchana, kwa dakika kumi tu, ili kuokoa betri. Ilikuwa saa tano na robo. Msimamizi alizunguka pikapu mpaka vumbi likamfika magotini. Mimi nilikula kucha. Mzee alikaa kwenye benchi akigonga goti lake kwa kidole na kuinamisha kichwa, kana kwamba anajipima mwenyewe.

Saa sita redio ikakoroma. Askari alitaka kusema tu kwamba kuna ujumbe kutoka karakana, lakini Mzee alinyoosha mkono akaomba aseme mwenyewe. Redio ile husikika kwenye vituo vyote vya msitu, na nusu ya waliokuwa wakisikiliza walikuwa na visu vyake viunoni. Alijua hivyo.

"Mimi ndiye niliyefua visu vyenu vipya," alisema. "Nilivipima nikiwa sisikii, na sikumwambia mtu. Vina ufa. Viwekeni chini, msikate navyo hata kamba. Kosa ni langu."

Kiongozi akajibu. Visu vitano viko kambini, na tayari amevikusanya. Cha sita kimeondoka alfajiri na mwenzao anayemfuatilia nguruwe pori aliyejeruhiwa, naye hana redio. Alisema atatuma watu wawili wamfuate kwa nyayo na kwamba redio itabaki wazi hata kama itamaliza betri.

Tukasubiri. Ikafika saa saba, ikafika saa nane. Askari alituletea maji, hakuna aliyekunywa. Msimamizi alikuja akakaa kwenye benchi karibu na Mzee, safari hii bila hoja yoyote. Roho iliniuma, nikamweleza Mzee kuhusu ile siku ya mafua, kwamba niliona hasikii nikacheka badala ya kusema. Akaniuliza kama ile chai ilikuwa na sukari. Nilijua amenisamehe, na hapo ndipo machozi yaliponitoka.

Saa tisa kasorobo redio iliita. Walikuwa wamempata. Alikuwa amepiga magoti kando ya mnyama, kisu ameshakichomoa kwenye ala, anatafuta kiungo cha paja. Wenzake walimpigia kelele kutoka ng'ambo ya kijito, naye akadhani wanamshangilia, akainua kisu juu kuwapungia. Kupenda sifa ndiko kulikomwokoa.

Walitufikia langoni jioni, wote sita. Mzee aliomba kisu cha yule wa sita, akakibana kwenye mlango wa nyuma wa pikapu, akakisukuma kwa kiganja kama alivyofanya asubuhi. Kilikatika kabla hajaweka uzito. Yule bwana aliangalia vipande, akaliangalia paja lake, akakaa chini kwenye nyasi. Mzee naye akakaa kando yake. Hatukuwasogelea mpaka walipoinuka wenyewe.

Tulivibana na vile vitano vingine, viwili vikakatika. Asubuhi iliyofuata Mzee alisimama mbele ya ukuta, akatundika kisu cha yule wa sita kwenye msumari wake na kuandika: Mafua. Sikusema. Wiki tatu baadaye msafara ulipata visu sita vipya. Tangu hapo kila bapa hugongwa na watu wawili, na mtu akipiga chafya tu huondolewa kwenye kinyundo cha kupimia. Mwezi wa baridi uliopita tulikaa siku nne bila kupima chochote, na wateja walituvumilia.

Juzi msimamizi alipendekeza tukiondoe kile kisu ukutani kwa heshima ya sherehe. Mzee alikataa katakata. Alisema msumari mtupu ndio uliomziba mdomo siku ile, wala si mafua, na kwamba hataki fundi mwingine yeyote aogope kuutumia wake.

Yule bwana wa sita atakuwepo Ijumaa. Tulipomuuliza ataleta zawadi gani, alisema atakuja kwa miguu yake miwili.

Mzee wetu, tunakushukuru kwa visu vyote elfu nne, na zaidi kwa vile sita ulivyovifuata. Desturi inataka mstaafu apewe kisu kilichofuliwa na wenzake. Chako nimekifua mimi, mtia mipini, kwa miezi mitano uliyodhani najifunza kufua kwenye fuawe kwa kujifurahisha. Utakikuta mezani kimefungwa uzi, hakina mpini, na kinyundo kiko kando yake. Ukisema sawa, nitakitia mpini mbele ya watu wote uende nacho nyumbani. Ukinyamaza, msumari wangu naujua ulipo, na chaki ninayo mfukoni. Tunakutakia pumziko la raha, mama watoto wako apumzike na viraka, na masikio yako yadumu kuwa mazima. Gonga, Mzee. Sisi sote tutanyamaza ili usikie.