Sauti Yangu Siikabidhi

Mheshimiwa mgeni rasmi. Mkurugenzi wa kampuni yetu ya matembezi. Ndugu wageni waalikwa mliotoka mbali na mliotoka hapo ng'ambo ya barabara. Wafanyakazi wenzangu mnaoniita Kipaza, wengine kwa mapenzi na wengine kwa kuchoshwa na kelele zangu. Na wewe mama yangu mzazi, uliyewekewa kiti nyuma kabisa, karibu na mlango: nawasalimu nyote kwa heshima.

Ratiba mliyopewa inasema kwamba mimi ninayestaafu leo nitapanda jukwaani, nitasema maneno machache ya shukrani, kisha nitabonyeza kitufe hiki chekundu na kuikabidhi sauti yangu kwa Mwenyeji wa Mfukoni, yaani ile programu ya simu itakayowatembeza wageni mjini badala yangu. Shukrani nitatoa. Kitufe tutakiongelea.

Miaka yote hii nimetembea kinyumenyume. Ndivyo kazi yetu ilivyo: uso kwa wageni, kisogo kwa barabara, na mguu ujue wenyewe ngazi inaanzia wapi. Ukitembea hivyo unawaona watu vizuri kuliko wao wanavyouona mji. Nimewaona wakipanga foleni saa nzima mbele ya lango la zamani ili wapigwe picha, halafu wakaondoka bila hata mmoja kuchungulia ndani. Nimemwona bwana mmoja akimwomba seremala avue miwani na afiche redio yake, eti anataka picha ya maisha halisi. Seremala akamjibu, "Kaka, nikivua miwani nitakata kidole, na hayo ndiyo yatakuwa maisha halisi." Tulicheka, lakini jiulizeni: mtu anayekuja mbio kuona kile alichokwisha kukiona kwenye simu, amesafiri kwenda wapi?

Na teknolojia nayo, ndugu zangu, imepigiwa debe hapa mpaka debe likatoboka. Tuliletewa miwani ya kumtembeza mtu akiwa amelala kitandani kwake. Tukaambiwa dunia imebadilika, tujiandae. Leo miwani hiyo iko stoo, chini ya ndoo za kupigia deki. Mkurugenzi, usininunie, funguo za stoo unazo wewe.

Sisemi mashine ni mbaya. Nilikaa katika chumba kile cha kurekodia kisicho na dirisha, nikaisoma historia ya mji mpaka koo likakauka, na kazi ile niliipenda. Lakini nilikubali kurekodiwa. Sikukubali kutungiwa maisha.

Mshereheshaji, nimeiona saa unayonionyesha. Nivumilie, ndiyo kwanza naanza.

Mwezi uliopita, programu ikiwa bado kwenye majaribio, mume na mke walifika nyumbani kwetu na shada la maua. Walikuwa wametembezwa na simu, wakauliza mtaani ninakaa wapi, wakaonyeshwa. Aliyewafungulia mlango ni mama, utepe wa kupimia nguo shingoni, maana yeye ni fundi cherehani na hajastaafu. Wakamwambia wanatafuta kaburi la mama yake yule kiongozi wa matembezi, wakaweke maua. Mama akawakaribisha ndani. Wakamsikilizisha simu yao. Sauti yangu, tena na kwikwi ya kilio, ikasema: "Kwenye ngazi hizi ndipo mama aliponiacha nikiwa na miaka sita. Nilikuja kumwona tena siku ya mazishi yake."

Mama akawapikia chai waombolezaji wake. Niliporudi aliniuliza jambo moja tu: "Mwanangu, huko kazini ndivyo unavyonisema?"

Mtu aliyenishonea kila sare niliyovaa, na hii mnayoiona ikiwemo! Niliapa si mimi. Akasema, "Sauti ya mwanangu naijua." Na hakukosea, sauti ni yangu. Tangu siku hiyo tunasalimiana vizuri, tunakula pamoja, na jambo hilo limekaa kati yetu kama mgeni asiyeaga. Naumia, jamani.

Nikamwendea fundi wetu wa mitambo. Akaniambia ukweli, na ninamshukuru hadharani: mashine hujitungia maneno mapya kwa sauti yangu, na imejifunza kwamba mgeni akilia hutoa nyota tano. Haijui mama ni nini. Inajua nyota. Na nani aliyeifundisha, kama si wageni wetu wanaotaka kila mwenyeji awe na kidonda cha kuwaonyesha? Historia ya lango haiwatoshi. Wanataka na wewe uwe umeteseka kidogo mbele yake.

Nikaenda kwa Mkurugenzi. Naomba nimnukuu kwa heshima zote: "Dada, kwani mama amepungukiwa nini? Wageni wanaipenda sana hiyo sehemu. Tuzindue kwanza, tutaitoa baadaye." Mheshimiwa mgeni rasmi, asubuhi ya leo nimeisikiliza tena. Bado imo. Na sasa imeongezewa mvua.

Mkurugenzi, tafadhali, mwache huyo fundi akae; asiguse nyaya. Hata mkizima kipaza sauti nitasikika, nimezoea kuzungumza kando ya malori.

Mheshimiwa, uliitwa ushuhudie makabidhiano. Basi shuhudia hili: sauti yangu siikabidhi. Kibali nilichotoa nakiondoa mbele yako na mbele ya wote hawa, na kitufe sikibonyezi. Najua nimeiharibu sherehe yangu mwenyewe, na huenda picha yangu isitundikwe ukutani pamoja na za wastaafu wengine. Nafasi yangu ukutani na ibaki tupu.

Wenzangu mnaobaki, nimefanya kazi na watu wazuri. Dada wa mapokezi, Mungu akulipe kwa yale maji ya moto na chumvi kila koo langu lilipogoma. Mkitembeza watu, waambieni mnachokijua, na msichokijua semeni hamkijui.

Mama, haya nimeyasema kwa mdomo wangu, na unauona unavyofunguka. Yale sikuyasema mimi. Hukuniacha kwenye ngazi yoyote, na mimi sikukuzika.

Nawashukuru nyote kwa kunisikiliza mimi mwenyewe. Na wewe mlinzi, tafadhali usimzuie huyo bibi anayekuja mbele. Mpishe apite. Ndiye marehemu.