Risala ya Mabaharia wa Boti za Kuvua Kamba Kuhusu Namba za Februari

Mgeni rasmi, Mkuu wa Utafiti wa Bahari kutoka Nosy Be, msimamizi wetu, kina mama na jamaa wa mtaa wa Tanambao,

Assalaam aleikum.

MAKARIBISHO

Tunakukaribisha Mahajanga kwa heshima zote. Nyumbani tunasema Kingazija na mjini Kimalagasi, lakini risala hii tumeiandika kwa Kiswahili cha wazee wetu. Jana msimamizi alikagua nakala ya Kifaransa. Hii hajaiona. Tunamwomba mkalimani wako akueleze neno kwa neno, asipunguze hata akikatazwa kwa macho.

HISTORIA

Mwaka jana, uhuru wa nchi hii ulipotimiza miaka saba, wewe ulituletea ndoo, kipimajoto, baromita na daftari. Wewe mwenyewe ulitufundisha kwenye sitaha: kila baada ya saa nne boti isimame, tuteke maji, tupime joto lake, tusome baromita, kisha tutume namba bandarini kwa redio. Ulisema baromita ikishuka ghafla kimbunga kiko njiani, na namba ya boti moja inaweza kuwaokoa watu wa boti nyingine. Tulikuamini.

MAFANIKIO

Miezi mitatu tulipima kweli. Barua yako inasema daftari letu limejaa kuliko yote, kuanzia hapa hadi Nosy Be, bila nafasi hata moja tupu. Ndiyo sababu leo umekuja na cheti. Kiko pale mezani. Tunaogopa kukigusa.

MATATIZO

Mgeni rasmi, kuanzia Desemba hatukupima.

Msimamizi alisema kila tukisimama wavu unalala na kamba wanatupita. Hamidou, mwandishi wa daftari, akamwuliza, "Na namba niandike zipi?"

Akajibiwa, "Andika za jana. Nani atakwenda kuipima bahari upya?"

Tuliokuwapo tulirudi kwenye wavu. Wawili waliowahi kubishana naye walishushwa ufukweni, hawakuitwa tena.

Tarehe kumi na nne Februari, asubuhi, tulikuwa nje ya pwani ya Antsanitia. Hamidou alituma namba za jana. Athoumani, nahodha wa boti ya pili, alikuwa bado gatini. Aliuliza hali ya hewa, akaambiwa na watu wa bandari kwamba walio nje wanasema shwari. Akatoka na watu wanne.

Adhuhuri Hamidou aliingia chumba cha nahodha kuchukua koti, akaitazama baromita. Ilikuwa imeanguka vibaya. Alimwita Athoumani kwa redio, akaita tena, ikawa inakoroma tu. Sisi tuliwahi kuingia ghubani kabla kimbunga hakijapiga; boti ya pili haikuwahi. Wawili wa boti ile walitupwa na mawimbi Antsanitia wakiwa hai. Athoumani na wenzake wawili hatujawazika mpaka leo.

Siku ya arobaini, Koulsoum, mke wa Athoumani, alimpelekea Hamidou sahani ya wali mlangoni kwake. Akamwuliza, "Siku ile, kaka, kipimo kilisemaje?"

Hamidou akasema, "Kilikuwa sawa, dada."

Akashukuru, akaenda zake. Leo amekaa safu ya tatu. Haya anayasikia sasa hivi, pamoja nawe.

MAOMBI

Tunaomba urudi na cheti chako. Futa namba zetu zote kuanzia Desemba, maana tunahofia kuna watu wanaoziamini, huko Ankify na kwingineko. Mwambie msimamizi mbele yetu kwamba boti isimame tupime. Jumatatu tunatoka tena, vimbunga havijaisha, na hatujui kama tutakuwa na ruhusa ya kuitazama baromita. Tukishtakiwa, tushtakiwe sote, kwa kuwa sote tulijua.

Mwenyezi Mungu akufikishe Nosy Be salama. Awarehemu watatu wetu. Ampe Koulsoum subira ambayo sisi hatuna uso wa kumwomba.

Ni sisi, mabaharia wa boti za kamba, Mahajanga.

Imesomwa na Hamidou, mwandishi wa daftari.