Mupepo Inamupiga Dorcelle Wapi?

Banc yangu ya kukalia iko hapa Kampemba, mbele ya lupango, kiwanja ya nyumba yangu, na birika ya kahawa juu ya mbabula ya makala. Asubui ile hakuna mwenye alikaa: mujukulu yangu Dorcelle alikuwa amenipigia telephone kutoka Uvira. Vita imeingia, barabara imekatwa, mitumbwi yote bantu bamekimbia nayo. Yee anafundishaka bageni ba hôtel kusimama juu ya planche, ule ubao ya kuelea, mu ziwa. Amebakia paka tu na ile planche na kafi yake, anataka kushuka nayo mpaka Makobola kwa bandugu. "Kambo, bibi yangu, mi nayua mai ya kulala. Leo kuko mawimbi. Banayasoma namna gani? Uliza bantu, nitapiga kisha nusu saa, batterie iko inakufwa." Basi nikauliza bantu. Kosa yangu.

— Mawimbi ni barabara, Kambo!

Ule ni Paluku, tunamwita Tonnage juu ya camion yake.

— Ku njia ya Mokambo mi nasoma mashimo nikiwa mbali. Unapita paka juu, ku mugongo ya njia. Ukiingia mu shimo, ressort ya chini ya camion imekufwa!

— Planche haina ressort, Tonnage.

— Njo maana aikimbie shimo zaidi!

Djafari akamusukuma. Huyu tunamwita Amiral, mukubwa ya mashua: babu yake alitoka pwani, yee mwenyewe anaogopa hata mvua.

— Acha camion yako! Wimbi inatoka nyuma, si vile? Basi asimame anaangalia nyuma. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone!

— Na mbele nani ataangalia?

— Mbele, Mungu.

Musonda, tunamwita Chef Puits, chef ya shimo, amechimba mawe ya malachite miaka makumi mbili. Akanyanyua kidole.

— Mawimbi iko na chef. Ni ya saba. Aingoje, aisalimie na jina yake.

— Jina gani?

— Nitayua namna gani, mi niko wimbi? Lakini abebe kafi mbili! Kidole kimoja hakivunji chawa.

— Na ataishikilia planche na nini?

— Na imani!

Amiral akapanda juu ya banc na ufagio yangu, mugongo ku barabara, atuonyeshe. Banc ikacheza. Amiral chini, birika chini, moto ya mbabula ikazima. Kahawa ikabakia paka ile ya mu kikombe yangu.

— Munaona? Hakungoja ya saba!

Njo pale nikaona Kulthumu amesimama. Dada ya marehemu bwana yangu, mutoto ya ziwa, anakaa avenue ya pili. Miaka kumi na moja hatusemezane. Ku kilio alibeba kafi ya bwana yangu, anasema ni ya kwao. Mi nasema ni ya nyumba yangu. Kila siku anapita bila kuangalia banc. Leo makelele ilimusimamisha, amesikia yote.

— Mupepo inamupiga mutoto mu mugongo ao mu sura?

Tonnage akaangalia Chef Puits. Chef Puits akaangalia Amiral. Amiral akaangalia ufagio. Akili yote ile, na hakuna mwenye alimuuliza Dorcelle mupepo.

Telephone ikalia. Nikaishika. Kisha nikamupa Kulthumu.

— Dorcelle? Ni Kambo Kulthumu. Mupepo iko wapi?... Mu mugongo? Inaenda Makobola? Bien. Sikia. Usifwate mulima ya mai, fwata shimo yenye iko mbele yako. Mukia ya planche ikinyanyuka, piga kafi mara tatu na nguvu. Kisha acha, rudisha muguu nyuma kidogo, shimo itakubeba. Usigeuke: wimbi ya nyuma, miguu itakuambia. Na usiache inchi kavu mbali!

— Shimo! akalia Tonnage, kama vile bamemutukana mama.

Telephone ikazimika.

— Alisema nini mwisho? nikauliza.

— Alisema ameshaingia mu mai.

Kulthumu akakaa ku banc. Nikamupa kikombe yangu. Akakunywa yote.

— Na kafi ya bwana yangu? nikamuuliza.

— Akifika, ni ya Dorcelle.

— Akifika, nikasema.