Erasmo Namkunda na Bustani ya Juu ya Daraja

Baada ya miaka thelathini na miwili katika Idara ya Ujenzi, Bwana Erasmo Namkunda anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 1998. Ndiyo, Erasmo huyu huyu anayekohoa nje ya mlango kabla hajaingia ofisini, ili waliosinzia wapate muda wa kujiweka sawa.

Alianza kama kibarua wa barabara, akitokea Milola na baiskeli isiyo na breki, akapanda hadi kuwa msimamizi wa kazi. Makalvati mengi ya njia ya Mchinga ni kazi yake, na mvua hazijayashinda. Ni mkali, hilo halifichiki, lakini jamani hana kinyongo: akikufokea asubuhi, mchana anakuita mle muhogo pamoja.

Hata hivyo, ukimtaja Erasmo umetaja daraja. Ng'ambo ya Mitwero lipo daraja refu la zege, lililojengwa wakati wa mkoloni kwa ajili ya treni ya karanga. Reli ziling'olewa zamani, likabaki juu ya mashamba ya mpunga, halina kazi ila kulaza mbuzi na kutupiwa taka. Mwaka 1991 Erasmo alitamka kikaoni kwamba kule juu patakuwa bustani ya kupumzikia. Kikao kizima kiliangua kicheko.

Hakujali. Aliunga kingo kwa mabomba chakavu, akajenga matuta ya mawe, na kina mama wa mtaani wakapandisha udongo kwa vikapu. Kisha akamwalika kila mwenye nia alete mche wake aupande kwa mkono wake. Hapo ndipo alipojikoroga! Huku kwetu ardhi yaweza kuwa ya yeyote, lakini mti ni wa aliyeupanda, hata akihama. Haukupita muda daraja likawa na wenyewe. Bi Adija alimtimua mwalimu mzima aliyekaa chini ya mstafeli wake bila kupiga hodi. Erasmo akazunguka akifoka kwamba bustani ni ya umma, hakuna cha mti wa mtu. Nani wa kumsikiliza? Wakubwa nao wakamkaripia kwa kugawa mali ya serikali, na jambo hilo lilimuuma sana.

Mwaka jana ndiyo ikawa balaa. Siku hizi biashara huria, kila kitu kina mnunuzi, na kampuni moja ikaomba kulivunja daraja ipate nondo na kokoto. Wakubwa wakaanza kulegea. Erasmo akaamriwa awapeleke wapimaji, akatoka ofisini na uso wa mtu anayekwenda kuzika. Lakini kabla ya kuwapeleka alipita nyumba kwa nyumba akiwaita wenye miti. Ndiyo, wenye miti! Neno hilo halikuwahi kutoka kinywani mwake.

Wapimaji walipofika juu, kila mti ulikuwa na mtu wake kasimama kando. Bi Adija akawaeleza kwa adabu kabisa kwamba daraja lao wanaweza kulichukua, ila mstafeli wake waubakize hapo hapo ulipo. Wapimaji wakatazamana, wakakunja kamba zao. Kibali hakijatoka mpaka leo.

Siku ile Erasmo peke yake hakuwa na mti wa kusimama kando yake. Juma lililopita alipanda darajani na mkewe, Mama Martina, wamebeba mche wa mkomamanga, akamwomba Bi Adija nafasi. Bibi yule alimzungusha wee, akimuuliza kama miti ya watu siku hizi inaruhusiwa, kisha akampa jembe. Erasmo alipanda huku machozi yanamtoka, na hakuyaficha.

Mzee wetu, ahsante sana kwa jasho lako na hata kwa makelele yako. Tunakutakia wewe na Mama maisha mema, yenye afya na mvua za kutosha. Ofisi unaiacha, lakini kule darajani sasa una chako, na hakuna wa kukustaafisha.